Jinsi ya kuyasoma maisha ya kila siku ya enzi ya Malkia Victoria katika magazeti ya miji midogo

Malkia Victoria alitawala Uingereza kuanzia Juni 1837 hadi Januari 1901. Vitabu vingi vinavyosimulia miaka hiyo vimejaa mawaziri, vita na reli. Mimi hupenda kujua mambo mengine: maji yalitekwa wapi, mkate ulikuwa bei gani, mama akitoka kibaruani mtoto alibaki na nani. Majibu yapo, tena mengi hayalipiwi, kwenye magazeti ya mijini yaliyopigwa picha na kuwekwa mtandaoni.

Kuna jambo moja la kulishika tangu mwanzo. Gazeti haliandiki mambo ya kawaida. Hakuna mhariri aliyepoteza wino kutangaza kwamba wanawake wa mtaa fulani leo wameteka maji. Aliandika siku mmoja wao alipoanguka kisimani, na katika kueleza ajali hiyo akataja, kwa kupita tu, saa waliyoamka, ndoo waliyobeba na foleni waliyopanga. Basi mkasa wenyewe ni mlango. Tunachotafuta ni yale aliyoyasema mwandishi bila kukusudia kutufundisha.

Hatua ya 1: Chagua mji mmoja na mwaka mmoja

Ukianza na Uingereza nzima utazama. Ninapendekeza Wales, kwa sababu Maktaba ya Taifa ya Wales imeweka magazeti yake kwenye tovuti ya Welsh Newspapers Online. Unasoma bila malipo, na karibu na picha ya ukurasa unapata maandishi yaliyosomwa na kompyuta. British Newspaper Archive ina magazeti mengi zaidi ya Uingereza, ila sehemu kubwa yake ni ya kulipia.

Ndani ya Wales, mji wa Swansea ni mahali pazuri pa kuanzia. Ulikuwa mji wa bandari na wa viwanda vya kuyeyushia shaba, na gazeti lake, The Cambrian, lilianza mwaka 1804. Tafuta toleo lolote la miaka ya 1860. Usiandike kitu kwenye kisanduku cha kutafutia bado. Lisome toleo zima, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hata kama litakula jioni nzima. Usipolijua umbo la gazeti, kila kipande utakachokiokota baadaye kitaelea hewani.

Hatua ya 2: Jua gazeti lilivyopangwa na kwa nini

Utashangaa kukuta ukurasa wa mbele umejaa matangazo. Ndivyo ilivyokuwa desturi. Habari zilikaa ndani. Safu ni nyembamba, herufi ni ndogo mno, vichwa vya habari ni hafifu.

Kodi pia zilikuwa na mkono wake. Mpaka 1836 kila nakala ilitozwa stempu ya peni 4, ikashushwa hadi peni 1, kisha ikaondolewa kabisa mwaka 1855. Kodi ya matangazo ilikuwa imefutwa 1853, na ya karatasi ikafuata 1861. Ndiyo maana baada ya 1855 magazeti ya miji midogo yalichipuka kwa wingi, na bei ikashuka hadi peni moja. Ukitaka maisha ya watu wa kawaida, miaka ya 1860 hadi 1890 ina utajiri kuliko ile ya mwanzo wa enzi.

Tarehe nazo zina mtego. Ukikuta *inst.* baada ya tarehe, ni ya mwezi huu, *ult.* ni ya mwezi uliopita. Na saa 7 ya asubuhi ya Kiingereza, ukiiandika kwa Kiswahili, ni saa moja.

Hatua ya 3: Jifunze pesa zao kabla ya kitu kingine

Pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja ilikuwa peni 12. Gini ilikuwa shilingi 21. Peni huandikwa *d*, kwa hiyo 6s. 8d. ni shilingi 6 na peni 8.

Usijaribu kugeuza kiasi hicho kuwa shilingi za leo za Tanzania au Kenya. Hesabu hiyo haikufundishi chochote. Pima kwa mishahara ya wakati ule. Katika miaka ya 1850 kibarua wa shambani mara nyingi alipata kama shilingi 10 kwa wiki, na familia ikala humo humo. Mtumishi wa ndani wa kazi zote alilipwa kwa mwaka, tuseme pauni 10, akapewa chakula na mahali pa kulala. Ukiwa na vipimo hivyo viwili kichwani, utakaposoma kwamba mtu alitozwa faini ya shilingi 5 utajua kwamba nusu ya wiki yake imeyeyuka.

Hatua ya 4: Anza na matangazo madogo

Matangazo yana faida moja kubwa: mtu alilipa ili yachapishwe, kwa hiyo alisema hasa alichokitaka. Soma yale ya kutafuta watumishi. Andika umri unaotakiwa, dini inayotakiwa, na kama msichana lazima ajue kupika au kuzungumza Kiwelsh. Baadhi yalisema wazi kwamba Waayalandi wasijisumbue kuomba. Ubaguzi huo hukuhitaji kuuchimba. Uliwekwa ukurasa wa mbele.

Kisha soma minada ya vyombo vya nyumbani. Hiyo ni ziara ya bure ndani ya nyumba ya mtu: vitanda vingapi, zulia la wapi, kama kuna piano. Utakutana pia na dawa za kutibu kila kitu, kama vidonge vya Holloway na vya Beecham. Thomas Holloway alitajirika kwa vidonge hivyo mpaka akajenga chuo cha wanawake, ambacho Malkia mwenyewe alikifungua mwaka 1886. Utajiri huo unakuonyesha ni watu wangapi walikuwa wanaumwa bila kuweza kumlipa daktari.

Tangazo moja hunisimamisha kila mara: mume anatangaza kuwa hatalipa tena madeni ya mkewe. Usilipite haraka. Kabla ya sheria za 1870 na 1882, mali ya mke aliyeolewa ilikuwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa mumewe, na duka lilimkopesha mke kwa jina la mume. Mistari michache hiyo ni ndoa iliyovunjika mbele ya mji mzima, na mwanamke hana safu ya kujibu.

Hatua ya 5: Ingia mahakamani

Kesi ndogo za kila wiki huchapishwa chini ya kichwa *Petty Sessions* au *Police Court*. Humo wanaingia watu ambao gazeti lisingewataja kamwe. Usihangaike sana na hukumu, sikiliza utetezi.

Chukua kesi za wazazi ambao watoto wao hawakwenda shule. Shule ilifanywa ya lazima kila mahali mwaka 1880, lakini karo haikuondolewa kwa wengi mpaka 1891. Mzazi akisimama mbele ya hakimu anajieleza: mtoto hana viatu, binti analea mdogo wake, mvulana yuko shambani akiokota viazi. Kila jibu ni dirisha la nyumba yao. Kusanya majibu ya mwaka mzima na utapata picha ambayo ripoti ya serikali haikupi.

Wales ina hazina yake ya pekee hapa. Sheria ya 1881 ilifunga baa zote za Wales siku ya Jumapili, isipokuwa kwa msafiri wa kweli, na msafiri wa kweli alihesabiwa kuwa mtu aliyetoka umbali wa maili 3 au zaidi kutoka alikolala. Basi watu wakawa wanatembea maili 3 kwenda kijiji kingine kunywa, na wa kijiji hicho wanakuja kwao. Kesi za aina hii zinakuonyesha nani alifahamiana na nani, njia gani zilitumika, na Jumapili ya mfanyakazi ilivyokuwa ndefu. Weka ramani wazi pembeni unaposoma.

Hatua ya 6: Soma uchunguzi wa vifo, polepole

Hii ndiyo hatua ngumu, na ndiyo yenye mengi. Neno la kutafuta ni *inquest*. Kifo cha ghafla kilichunguzwa mbele ya wazee wa baraza, mara nyingi ndani ya baa, kwa kuwa ndiyo ilikuwa na chumba kikubwa mtaani. Wajumbe walitakiwa kuutazama mwili.

Nimetunga kipande cha mfano, chenye sura ya habari nyingi za namna hii:

*Jumanne ulifanyika uchunguzi juu ya mwili wa mtoto wa kike wa miaka 3, binti wa mfanyakazi wa kiwanda cha shaba. Mama alisema alitoka saa moja asubuhi kwenda bombani, akamwacha marehemu na dada yake wa miaka 7. Aliporudi alikuta jirani amemzungushia blanketi. Marehemu alikuwa amepanda kiti ili afikie kikombe juu ya meko, na gauni lake la flaneleti likashika moto. Majeraha yalipakwa mafuta ya kitani na maji ya chokaa. Uamuzi: kifo cha ajali.*

Sasa pitia sentensi moja moja. Maji hayakuwa ndani ya nyumba. Baba hayupo, zamu yake imeshaanza au bado haijaisha. Mlezi ni mtoto wa miaka 7. Moto ni wa wazi, hauna kizuizi. Jirani alisikia, maana nyumba zimebanana. Nguo ni flaneleti, kitambaa cha pamba chenye manyoya, cha bei nafuu na chepesi kushika moto. Hakuna aliyetajwa kwa lawama.

Kipande kimoja ni msiba wa nyumba moja. Ukikusanya vya miaka kadhaa, utaona viti, meko, flaneleti na mama aliyetoka kidogo vinarudi na kurudi. Mwaka 1908, baada ya Victoria kufariki, sheria ya watoto ilifanya kuwa kosa kumwacha mtoto wa chini ya miaka 7 kwenye chumba chenye moto usiokingwa, ikiwa ataumia au kufa. Watoto wenyewe walikuwa wameshaandikwa magazetini miaka mingi kabla ya hapo. Waandike majina yao unapowanakili. Wanastahili angalau hilo.

Hatua ya 7: Fuata habari moja wiki hadi wiki

Rudi Swansea, Septemba 1865. Meli Hecla inatia nanga ikitokea Cuba na shehena ya madini ya shaba, ikiwa na homa ya manjano. Wiki zinazofuata watu wa mjini wanaugua na kufa, wakiwemo wasiowahi kukanyaga nchi ya joto. Uthibitisho kuwa mbu ndiye anayeeneza homa hiyo ulikuja mwaka 1900, kwa hiyo wakati ule fikra zilielekea kwenye hewa chafu na shehena. Msomaji wa Tanga au Mombasa anaijua hatari ya mbu tangu utotoni, jizuie kuwasahihisha. Soma toleo baada ya toleo ukijua tu wanachokijua wao, na uandike wanachofanya: nani anahama, nini kinasafishwa, nani analaumiwa.

Hatua ya 8: Sasa tafuta kwa maneno, na utafute kwetu

Kompyuta husoma vibaya wino uliofifia. *The* hugeuka *tbe* au *tlie*, na majina huharibika zaidi. Jaribu neno fupi, tumia kichujio cha mwaka, kisha hakikisha kwenye picha. Hifadhi picha ya kipande pamoja na jina la gazeti, tarehe na namba ya ukurasa, hapo hapo.

Pwani yetu imo humo. Sultani Barghash alizuru Uingereza mwaka 1875. Henry Morton Stanley, aliyeanzia safari zake Zanzibar, alizaliwa Denbigh na kulelewa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, kwa hiyo magazeti ya Wales yalimfuatilia kama mtoto wao. Na rudi kwenye ile minada ya Hatua ya 4: pembe za ndovu za vibao vya piano na sandarusi ya kung'arishia magari ya farasi zilikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa za Zanzibar. Kwa tahajia, jaribu Zanzibar, halafu Mombas bila *a* ya mwisho, na kwa Sultani jaribu Seyyid, Seyd na Syud, kila moja peke yake.