Makala Sita Kabla Kitabu Hakijatoka

Tangazo la "kitabu changu kimetoka, nunueni" huwafikia ndugu na marafiki, nao humalizika ndani ya siku chache. Msomaji asiyekufahamu huja kwa njia nyingine: alikuwa anatafuta jibu la jambo fulani, akalikuta kwako, akaona kwamba anayejibu anakijua anachokisema. Kwa hiyo anza kuandika makala wiki nane hadi kumi na mbili kabla ya kitabu kutoka. Mitambo ya kutafutia intanetini inaweza kuchukua wiki kadhaa kabla ya kuanza kuuonyesha ukurasa mpya, na ukingoja siku ya uzinduzi umeshachelewa.

Kabla ya makala, tengeneza kwenye tovuti yako ukurasa mmoja wa kudumu wa kitabu. Weka jalada, mchapishaji, idadi ya kurasa, bei, tarehe ya kutoka, maelezo ya maneno 150 hadi 200, na viungo vya kununulia. Weka pia ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, yenye tarakimu 13, na ukumbuke kuwa jalada gumu, jalada laini na kitabu pepe kila kimoja kina namba yake. Muuza vitabu akipewa namba ya toleo jingine, ama atasema kitabu hakipo, ama ataagiza kisichotakiwa. Maelezo haya yaandikwe kwa maandishi ya kawaida, yasiwe ndani ya picha, ili msomaji aweze kuyanakili na kuyatafuta. Ukishaisambaza anwani ya ukurasa huo, usiibadilishe.

Sasa makala zenyewe. Sita zinatosha, moja kila wiki, za maneno 700 hadi 1,000. Fungua orodha ya sura na ujiulize kila sura inajibu swali gani ambalo mtu angeliandika kwenye simu yake. Tuseme kitabu ni cha ufugaji wa nyuki. Kichwa kama "Umuhimu wa ufugaji wa nyuki" hakimsaidii yeyote. "Kwa nini nyuki wamehama mzinga wangu?" kina mtu anayekiuliza leo, na mzinga wake umebaki mtupu. Mjibu kikamilifu: joto kali, sisimizi, uhaba wa maji na maua, kufungua mzinga mara kwa mara. Usimfiche jibu ili anunue kitabu, maana atakasirika na kuondoka. Kitabu atakinunua kwa sababu baada ya jibu hilo yatamjia maswali mengine kumi.

Mwandishi wa riwaya hana maswali ya namna hiyo, ila ana dondoo. Chagua tukio lenye mazungumzo, maneno 600 hadi 900, linaloeleweka bila utangulizi mrefu, na ulikatize pale mhusika anapotakiwa kuamua. Si lazima iwe sura ya kwanza. Hapa pana mtego: ukiwa umekisajili kitabu pepe kwenye mpango wa KDP Select wa Amazon (KDP ni huduma yao ya kujichapishia vitabu), kwa siku 90 za usajili huruhusiwi kukisambaza kwa mfumo wa kidijitali kwingineko, isipokuwa sampuli isiyozidi asilimia 10. Kuweka sura nzima baada ya sura nzima kunaweza kuvunja masharti hayo.

Kitabu kitajwe mara mbili tu katika makala: pale kinapohusika kweli, na mwishoni kwa sentensi moja, kwa mfano "Makala hii imetokana na sura ya nne ya kitabu hiki," pamoja na kiungo cha ule ukurasa wa kudumu.

Jambo linaloharibu kazi nzuri ni picha ya kiungo. Jalada limesimama wima, lakini picha inayojitokeza mtu anapotuma kiungo mara nyingi ni ya kulala. Matokeo yake jalada hukatwa juu na chini, na jina la kitabu hupotea. Tengeneza picha ya pili ya pikseli 1,200 kwa 630, uweke jalada zima upande mmoja na jina kwa herufi kubwa upande wa pili. Jitumie kiungo mwenyewe kwanza, kwa sababu programu nyingi huhifadhi picha ya mwanzo, na ukiirekebisha baadaye wasomaji wanaweza kuendelea kuonyeshwa ile mbovu.

Chini ya kila makala weka fomu fupi ya kuomba baruapepe, kwa hiari ya msomaji. Miongoni mwa watakaojiandikisha, watafute kumi au ishirini wa kupewa nakala mapema, uwaombe maoni ya kweli. Usiwalipe, na usiwaombe jamaa zako maoni: Amazon inakataza maoni ya namna zote mbili, na huyafuta.

Siku kitabu kinapotoka, rudi kwenye makala zote sita. Badilisha "kitatoka" kuwa "kimetoka," ondoa maneno ya kuagiza mapema, na ubonyeze kila kiungo cha kununulia ukitumia simu, maana wasomaji wengi wako huko.