Iringa mjini kwa miguu, siku moja inatosha

Kama uko Iringa na una siku moja tu, usipande bajaji, vaa raba na sweta maana asubuhi kuna baridi kweli. Mimi ningeanzia Iringa Boma, lile jengo la Wajerumani ambalo zamani lilikuwa hospitali na tangu 2016 ni makumbusho, ingia mapema kabla watu hawajajaa, uliza maswali, wahudumu wanapenda sana kueleza.

Ukitoka hapo shuka taratibu mpaka Soko Kuu. Hapa usikimbie aisee, pita kwenye vikapu vya Iringa, shika kimoja uone milulu, yale majani yake, ilivyosukwa ikabana, bei ongea nao kwa heshima. Karibu na soko kuna mnara wa waliokufa vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, watu wanaupita kila siku bila hata kuuangalia na mimi inaniuma, simama usome.

Mchana kula ugali na mboga kwa mama ntilie, upumzike, halafu jioni panda Gangilonga, jiwe kubwa ambalo wazee wanasema Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alikuwa anakuja kutafakari. Juu unaona mji wote. Ila nenda na mwenzio na ushuke kabla giza halijaingia.

Fuvu la Mkwawa lenyewe, lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954, liko Kalenga, huko kwa miguu ni mbali, weka siku nyingine upande daladala.