Kupiga Filamu Kando ya Viwanda vya Thika: Soma Maji Kabla ya Kuweka Kamera

Mtayarishaji wa Nairobi anayehitaji maporomoko, msitu wa mlimani na mashamba yasiyoonekana mwisho wake hana haja ya kusafirisha watu wake mbali. Thika, mji wa viwanda ulio takriban kilomita 40 kaskazini-mashariki mwa jiji, una vyote hivyo karibu nao. Hata hivyo, mandhari iliyo jirani na viwanda hubeba alama za viwanda majini, hewani na katika sauti. Anayefika pale akitarajia pori lisiloguswa atarudi na picha asizoweza kuzitumia.

Kwa hiyo anza na maji. Mito ya Chania na Thika hushuka kutoka milima ya Aberdare na kwenda kuungana na Tana. Mto Athi ni mwingine kabisa, kwa sababu kabla ya kufika kwenye maporomoko ya Fourteen Falls huwa umepokea Mto Nairobi pamoja na taka zote za jiji na za viwanda vyake. Huko juu, katika Kaunti ya Murang'a, Mto Thika umezuiwa na bwawa la Ndakaini, ambalo ndilo chanzo kikubwa cha maji ya kunywa ya Nairobi. Jiji hunywa kutoka mto mmoja na kumwaga taka katika mwingine, na kamera huona tofauti hiyo mara moja. Ikiwa hadithi yako inahitaji mtoto anayeoga au mama anayeteka maji, nenda Chania, au panda hadi kwenye mashamba ya chai yanayozunguka Ndakaini. Usiipeleke Athi.

Mimi nilijifunza hilo kwa hasara. Tulipanga tukio la msichana akinawa uso chini ya Fourteen Falls, na tulipolikagua eneo kutoka ukingo wa juu, maji yanayoshuka takriban mita 27 yalionekana meupe na ya kuvutia. Asubuhi ya kazi tuliteremka hadi kwenye mawe na kukuta povu zito la rangi ya maziwa yaliyochacha, limegandamana kwenye miamba na kunasa vipande vya plastiki, likiwa na harufu ya sabuni na majitaka. Hatukuweza kumwambia msichana yule aguse maji yale, wala hatukupaswa. Tangu siku hiyo hukagua kila mahali kwa kushuka hadi pale mwigizaji atakaposimama, tena katika saa ileile ambayo kamera itawashwa.

Fourteen Falls bado ni mahali pazuri mno kwa picha za mbali. Tumia lenzi ndefu kutoka ukingoni, fremu ijae maji yanayoanguka kwa mikondo mingi, na uwe na vitambaa vikavu vya kutosha kwa sababu unyevu wa hewani hufunika kioo cha lenzi mara kwa mara. Jambo la usalama ni hili: mto huweza kujaa hata kama anga juu yako ni la buluu tupu, kwa kuwa mvua iliyonyesha Nairobi hupita hapo baadaye. Uliza jioni iliyotangulia kama jiji limepata mvua, na siku ya kazi mwajiri kijana wa hapo anayeyajua mawe yanayoteleza, umlipe ujira wa haki na kumtii anaposema watu watoke majini. Watu wamewahi kufa maji hapo.

Mwanga hauna subira karibu na ikweta. Jua hupanda kwa kasi ya takriban nyuzi 15 kila saa na karibu wima, hivyo mwanga laini wa dhahabu hudumu muda mfupi tu baada ya mapambazuko. Kamera iwe imesimama kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ikifika saa nne, nyuso huanza kupata vivuli vizito chini ya macho, na ni busara kuhamia kivulini. Januari na Februari huwa na anga safi. Julai na Agosti huleta mawingu mazito na baridi, na mimi huipenda miezi hiyo kwa matukio ya mazungumzo, maana mwanga haubadiliki sana kutwa nzima.

Sauti ndiyo husahaulika. Maporomoko humeza maneno, na mbali na maporomoko utasikia malori, mashine za viwandani na barabara kuu ya Thika. Simama kimya dakika tano ukiwa umevaa vipokea sauti vya masikioni kabla ya kulikubali eneo lolote, kisha urekodi sauti tupu ya mahali hapo kwa ajili ya mhariri.

Ol Donyo Sabuk, mlima wa mita 2,145 ambao wengi huuita Kilimambogo, hukupa msitu mzito na upeo mpana, lakini nyati wake si wa hadithi tu: usishuke garini bila askari wa hifadhi. Kileleni kuna minara ya mawasiliano, kwa hiyo chagua pembe mapema.

Kuhusu vibali, leseni ya kupiga filamu hutolewa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, na wageni kutoka nje ya nchi huomba kupitia wakala wa ndani aliyesajiliwa. Mlimani utahitaji pia ruhusa ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na droni haipaswi kuruka bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mashamba ya mananasi yana wenyewe, na maporomoko ya Chania yaliyo kando ya hoteli ya Blue Posts huombewa ruhusa hotelini. Fourteen Falls ipo mpakani mwa kaunti za Kiambu na Machakos, hivyo uliza mapema ukingo unaoutaka uko upande wa kaunti ipi, na ruhusa uliyopewa iandikwe kwa jina la ukingo huo.