Kompyuta ya mezani inapata moto ikiwa imelala (Sleep)? Anza na kujua kama kweli imelala

Hili tatizo ukilitaja tu jibu la kwanza utakalopewa ni piga vumbi, badilisha pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa. Sawa, vumbi litolewe, ila hebu fikiria kwanza: kompyuta ya mezani ikilala vizuri feni zote zinasimama, prosesa inakatiwa umeme, kinachobaki kinakula ni ramu na vitu vidogo vidogo kama kadi ya netiweki na yuesibi, jumla yake wati chache mno. Wati chache hazichemshi keisi nzima. Kwahiyo ukiikuta asubuhi ina moto basi ama haikulala kabisa, ama ililala kuna kitu kikaiamsha, ama imelala ule usingizi wa nusu ambao prosesa bado inapata umeme. Jua kwanza ni ipi kati ya hizo, bisibisi itafuata baadaye.

Funga kila kitu, chagua Sleep mwenyewe kwenye menyu ya Start, usisubiri ijilaze, alafu kaa nayo pale pale usikilize. Muda mfupi tu feni zote zinatakiwa ziwe kimya na taa ya pawa ianze kukonyeza au ibadilike rangi, inategemea na keisi. Feni ikiendelea kuvuma ujue haijalala. Hapa wengi wanachanganya, kwenye setingi za pawa kuna muda wa kuzima skrini na kuna muda wa kulala, ni vitu viwili tofauti, unakuta wa skrini ni dakika 10 na wa kulala umewekwa Never, mashine inakesha usiku kucha na skrini nyeusi na mwenyewe anaamini imelala. Pia kama imetoka kwenye gemu zito usishtuke ukigusa keisi dakika tano baadae ukakuta ina joto, hitisinki, kile chuma cha kupooza prosesa, ilikuwa ya moto na feni imesimama, joto linatoka polepole, ni kawaida kabisa. Irudie baada ya saa moja, ikiwa bado ya moto hapo ndo tuanze kazi.

Fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, kama administrator, yani litafute kwenye Start, bonyeza juu yake batani ya kulia ya mausi uchague hiyo ya administrator maana bila hivyo amri zingine zitakukatalia. Andika

powercfg /a

Itakuletea aina za usingizi ambazo mashine yako inaweza na zile isizoweza pamoja na sababu. Unachotaka kuona kwenye zile inazoweza ni S3, yani ule usingizi kamili ambao prosesa inakatiwa umeme. Ukiona S1 peke yake, huo ndo usingizi wa nusu, prosesa imesimama kazi ila umeme bado unaingia, na kuna mabodi ambazo feni nazo zinapunguzwa au kuzimwa kabisa, joto litaenda wapi? Ukiona S0 Low Power Idle hiyo ni mitindo mipya, mashine inaweza kubaki imeunganishwa na mtandao na inafanya kazi za chini chini, programu moja korofi inatosha kuipasha joto. Kwa hiyo ya S0 andika powercfg /sleepstudy itakutengenezea ripoti ya nani alikuwa anakula umeme. Na ikisema S3 imezuiwa na Graphics, huna draiva sahihi ya kadi ya picha, Windows inatumia ile ya kubahatisha ya Microsoft. Hii inawakuta sana waliotoka kupiga Windows upya. Weka draiva ya kadi yako, risitati, jaribu tena.

Kama S3 ipo lakini bado unaikuta na moto, basi kuna anayeiamsha. Amri ni hizi tatu:

powercfg /lastwake
powercfg /devicequery wake_armed
powercfg /waketimers

Ya kwanza inakwambia nini kiliiamsha mara ya mwisho, ya pili inataja vifaa vyote vyenye ruhusa ya kuamsha, ya tatu inaonyesha programu zilizojiwekea saa ya kuiamsha, mara nyingi apdeti. Mara nyingi mkosaji ni mausi au kadi ya netiweki. Mausi ya taa ikikaa kwenye meza inayotikisika, gari kubwa likipita tu kishale kinasogea na mashine inaamka. Nenda Device Manager, fungua kifaa husika, kwenye Power Management toa tiki ya kuruhusu kiamshe kompyuta, kibodi iachie ili uwe na cha kuiamshia. Zile saa za kuamsha zinazimwa kwenye setingi za ndani za mpango wa pawa, sehemu ya Sleep. Na kama inaamka na kukaa macho bila kurudi kulala, powercfg /requests itakutajia nani anaikatalia, inaweza kuwa ni draiva ya sauti tu au tabu ya brauza inayopiga muziki.

Sasa wenye zile mashine zilizotumika ofisini Ulaya na Marekani, Dell Optiplex na HP za zamani ambazo ndo zimejaa madukani kwetu, msiruke bayosi, zile setingi za bodi yenyewe unazoingia kabla Windows haijawaka. Dell unaingia na F2, HP F10, mabodi nyingi za kuunga mwenyewe ni Delete. Tafuta sehemu ya pawa, ukikuta Suspend Mode au ACPI Suspend iko S1 weka S3 useivu. Ikirudi tena S1 kila ukichomoa waya wa umeme, betri ya bayosi imekufa, ile ya duara CR2032 ya volti 3, ni bei ndogo na unaibadilisha mwenyewe.

Angalia pia joto liko wapi hasa. Likiwa nyuma, pale kwenye pawa saplai tu, chomoa vyote vilivyo kwenye yuesibi, hasa simu inayochaji, maana mashine ikilala ile laini ndogo ya volti 5 ndo inabeba kila kitu. Ikipoa umepata jibu. Isipopoa, au ukisikia harufu ya kuungua, chomoa ukutani na ubadilishe pawa saplai nzima. Usiifungue, kapasita zake zinashika umeme hata ikiwa imechomolewa na unaweza kuumia vibaya.

Wa Linux andika cat /sys/power/mem_sleep, mabano yakiwa kwenye s2idle (usingizi mwepesi) wakati deep (ule kamili, S3) ipo, hamisha iwe deep.

Ikishindikana kote, tumia Hibernate, binafsi kwa mazingira yetu ya umeme kukatika naipenda kuliko Sleep yenyewe. Inaandika kila kilicho kwenye ramu kwenye diski alafu inazima kabisa, haina joto, na umeme ukikatika usiku kazi yako iko salama wakati kwenye Sleep ingepotea. Andika powercfg /hibernate on, kisha uiwashe ionekane kwenye menyu kupitia Control Panel, Power Options, pale pa kuchagua batani za pawa zifanye nini. Kuamka inachukua muda kidogo zaidi, kwenye SSD utaona sekunde chache tu.