Kabla ya safari ya usiku: taa za pikapu zinazokatika na kurudi

Msimu wa karafuu ukipamba moto, pikapu nyingi Pemba hufanya kazi mpaka baada ya isha. Kuna wachumaji wa kurejeshwa majumbani, kuna magunia ya kushushwa, na alfajiri kuna anayewahi boti Mkoani. Katika harakati hizo, taa za mbele zinazokatika na kurudi zina hatari kuliko zilizokufa kabisa. Zilizokufa zitakuzuia usitoke. Hizi zitawaka vizuri ukiwa uani kwako, kisha zikuache ndani ya msitu wa Ngezi, ambako miti imeibana barabara na nyumba hakuna.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya kushika spana na kabla ya kutoa hela ya balbu mpya, ni kujua zinakatika lini. Washa taa jioni kungali na mwanga, uzunguke karibu na nyumbani, na mtu asimame mbele akutazamie. Inazima moja au zote mbili? Dimu (mwanga wa chini) peke yake, au fulu (mwanga wa mbali) nayo inakwenda? Ni kwenye mashimo, ni baada ya mvua, au ni baada ya kuwaka muda mrefu? Majibu ya maswali haya yana thamani kuliko balbu tatu mpya, na ndiyo ya kumpelekea fundi umeme ukimwendea. Ukimwambia tu "taa zinasumbua", ataanza kubahatisha, na gharama ya kubahatisha ni yako.

Ikikatika moja, ubaya uko upande wake: balbu, soketi, waya wake, au fyuzi yake, maana pikapu nyingi zina fyuzi moja kwa taa ya kulia na nyingine kwa ya kushoto. Zikikatika zote mbili kwa pamoja, achana na balbu. Tafuta kitu kinachozihudumia zote: rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), swichi ya usukani, au waya mkuu. Na kama dashibodi nayo inazima, anza na vichwa vya betri. Mara nyingi ni nati iliyolegea au ule unga mweupe uliojijenga kwenye risasi. Zinazozima baada ya kuwaka muda na kurudi zikipoa humtaja rilei au swichi iliyochoka. Zinazocheza na mashimo humtaja waya uliolegea au uliokatika ndani ya ganda lake.

Kisiwani kwetu chumvi ina sehemu yake kubwa. Pikapu inayopakia samaki Tumbe au Wesha hupigwa na upepo wa bahari na kumwagikiwa maji ya chumvi, na waya wa erthi, ule wa kurudishia umeme kwenye betri, unaofungwa kwenye bodi, ndio huumia mwanzo. Fungua skrubu yake, piga msasa mpaka bati ling'ae, kaza, kisha pakaa grisi au vaselini juu yake. Kazi hii ni ya dakika chache, na kwa maoni yangu ifanywe kila masika ikiisha, hata kama taa hazina tatizo.

Halafu chomoa soketi nyuma ya taa uitazame kwa karibu. Balbu ya H4, ambayo imeenea sana kwenye pikapu zetu, ina miguu mitatu. Ukiona tundu moja la soketi limezungukwa na rangi ya kahawia, plastiki imejikunja kidogo na bati la ndani limefifia, hapo pamekuwa pakichemka. Bati lililochemka hulegea, na likilegea huzidi kuchemka. Balbu za wati 100 huleta balaa hili kwa wingi: dimu ya kawaida ya wati 55 huvuta kama ampea 4.5, hiyo kubwa huvuta zaidi ya 8, na waya ni ule ule. Badilisha soketi, usiibane kwa koleo ukadhani umeponya. Ukiweka balbu mpya, usiguse kioo chake kwa vidole. Mafuta ya mkono huifupishia maisha.

Kuhusu mita ya kupimia volti, watu wengi hupotea hapa. Ukichomoa soketi ukapima ukaona volti 12, hujathibitisha kitu. Waya uliobaki uzi mmoja utaonyesha volti zote ikiwa hakuna mzigo. Pima soketi ikiwa imechomekwa na taa inawaka, kisha linganisha na volti za betri wakati huo huo. Tofauti ikipita nusu volti, kuna mahali njiani umeme unabanwa. Huku mita ikisoma, mwenzako atikise waya taratibu, kipande kwa kipande, kutoka taa mpaka kisanduku cha fyuzi. Namba ikiruka, mmefika. Jihadharini na jambo moja: Toyota nyingi hupeleka umeme moja kwa moja kwenye balbu, na swichi ya usukani hukata upande wa erthi, kwa hiyo usishangae kukuta umeme kwenye mguu ulioudhania ni erthi.

Fyuzi ikiungua, rejesha ya namba ile ile: nyekundu ni 10, buluu ni 15, njano ni 20. Kuweka kubwa zaidi, au kusokota karatasi ya sigara, ni kuugeuza waya uwe fyuzi, nao hupita karibu na petroli.

Ndani ya gari weka balbu moja ya akiba, fyuzi za rangi hizo, msasa, tepu, spana namba 10 na kurunzi ya kichwani. Zikizima ukiwa mwendoni, usikanyage breki kwa ghafla. Aliye nyuma yako hajui kilichokupata. Washa taa za tahadhari, vuta fulu kwa mkono na uishikilie, maana kwenye magari mengi hupita njia nyingine, kisha jitoe kushoto polepole. Kumbuka usiku barabarani kuna baiskeli zisizo na taa, na wakati wa Ramadhani kuna kina mama na watoto wanaorudi tarawehe.

Jaribu pia taa gari likiwa limepakiwa. Magunia nyuma huinua pua ya pikapu, na dimu iliyokuwa sawa humpiga machoni anayekuja. Ishushe kwa skrubu zake ukiwa mbele ya ukuta.

Na kama umefanya yote haya na ubaya haujaonekana, mwambie mwenye mzigo mapema, kabla ya laasiri, apate kuyafunika magunia yake vizuri, na mpange kuondoka baada ya sala ya alfajiri, kukipambazuka.