Kuichambua 123,456,789 kwa penseli na daftari

Juzi mdogo wangu wa kidato cha pili aliniuliza: 123,456,789 ina vigawo vingapi? Namba hii iliwahi kunikesha, kwa hiyo nikakaa naye tukaifanya hatua kwa hatua.

Hatua ya 1. Jumlisha tarakimu: 45. Basi 9 inaigawa. Inabaki 13,717,421, ambayo tarakimu zake zina jumla ya 26, kwa hiyo 3 haiingii tena.

Hatua ya 2. Hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima. Kipeuo cha pili cha 13,717,421 ni kama 3,703.7, nami nikaanza kugawa kwa 7, 11, 13, na kuendelea. Kigawo cha kwanza kinachokubali ni cha 504 kwenye orodha ya namba tasa! Usipite huko. Tumia njia ya Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, inayosimama juu ya kanuni hii:

a² − b² = (a − b)(a + b)

Tafuta a ambayo ukitoa 13,717,421 kwenye a², kinachobaki ni b², yaani kipeo cha pili cha namba nzima. Anza na namba nzima iliyo juu tu ya kipeuo:

3,704² − 13,717,421 = 2,195. Kipeo cha pili kinachoishia na 5 lazima kiishie na 25. Hii inaishia na 95, iache.

3,705² − 13,717,421 = 9,604 = 98². Tayari!

3,705 − 98 = 3,607, na 3,705 + 98 = 3,803.

Lakini angalia. Njia hii ni ya namba witiri, na ina kasi pale tu vigawo viwili vinapokaribiana. Kama kimoja ni kidogo sana, utahesabu mpaka uchoke, ndiyo maana vidogo vinatolewa kwanza. Ukisahau kutoa 9 utaangukia 11,115² − 294², yaani 10,821 × 11,409, na zote mbili bado zina 3 ndani. Pia kikokotoo cha tarakimu nane hakiipokei namba ya mwanzo. Mimi napenda daftari la miraba: kosa la kuhamisha tarakimu unaliona palepale.

Hatua ya 3. Hakikisha 3,607 na 3,803 ni tasa. Ya kwanza ijaribu kwa namba tasa hadi 59, ya pili hadi 61. Hakuna inayoingia.

Hatua ya 4. Namba yetu ni 3² × 3,607 × 3,803. Ongeza 1 kwenye kila kipeo, kisha zidisha: 3 × 2 × 2 = vigawo 12. Jumla ya vigawo hivyo ni (1 + 3 + 9) × (1 + 3,607) × (1 + 3,803) = 13 × 3,608 × 3,804 = 178,422,816. Ukiiondoa namba yenyewe inabaki 54,966,027, ndogo kuliko namba, kwa hiyo si namba kamilifu (inayolingana na jumla ya vigawo vyake vingine) kama 6 au 28.

Viandike jozi jozi ili usiruke hata kimoja:

1 na 123,456,789
3 na 41,152,263
9 na 13,717,421
3,607 na 34,227
3,803 na 32,463
10,821 na 11,409