Umeambiwa umepata tuzo? Soma hii kabla hujajibu ndio au hapana

Kwanza angalia kama ni tuzo kweli. Siku hizi unaletewa imeili eti wewe ndo kiongozi bora wa mwaka, ukishuka chini unakuta bei ya meza ukumbini na hela ya kuchonga jina kwenye kombe. Hapo unauziwa, kama unazo nunua ila hongera usitudai. Ila nayo ya kweli inaweza kuja kama utapeli, mwandishi Abdulrazak Gurnah simu ya Nobel ya fasihi ya 2021 ilimkuta jikoni akadhani ni wale wapiga simu wasumbufu.

Kama hutaki, sema mapema, hapa ndo panapoharibika. Uingereza kwenye nishani zao za taifa wanakuandikia kwanza kimyakimya kukuuliza utapokea au la, ukikataa inaishia hapohapo bila kelele. Sartre, mwandishi Mfaransa, aliwaandikia watu wa Nobel mwaka 1964 kwamba jina lake wasiliweke, barua ikachelewa, wakamtangaza, akakataa hadharani na mpaka leo yumo kwenye orodha ya washindi wao! Kwahiyo ukisikia tu jina lako linazungushwa, tafuta mhusika umwambie.

Sababu iwe moja na ieleweke. Mwandishi Chinua Achebe alikataa nishani ya taifa la Nigeria 2004 kwa sababu ya hali ya nchi, hasa vurugu za jimboni kwake Anambra, akamwandikia rais mwenyewe. Walipomrudia 2011 akakataa tena maana aliyoyalalamikia hayajarekebishwa, sababu ni ileile. Perelman yule mwanahisabati Mrusi yeye aliacha tuzo ya dola milioni moja mwaka 2010 (mimi jamani ningezichukua, tusidanganyane). Ila usiwaponde waliopokea, mwenzako labda ameisubiri miaka thelathini.

Halafu huku kwetu ukikataa watu wanasoma kiburi, sasa kabla hujamjibu mtoaji kaa na wazee wa nyumbani uwaeleze, maana mama ameshawaambia majirani na kitenge kishashonwa.

Ukikubali, kubali kwa moyo mkunjufu, zile za "mimi sistahili kabisa" mara tano zinachosha na zinamfanya aliyekuchagua aonekane hajui kuchagua. Jukwaani salimia kwanza kwa mkono wa kulia, ndo upokee kwa mikono miwili, na usikimbie kushuka mpiga picha hajamaliza. Hotuba dakika mbili. Majina ya kushukuru yaandike kwenye karatasi, kichwani yatakuruka na utakayemsahau atakuwa shemeji, hiyo utaisikia mpaka Idi.

Na kama kuna hela, ile hundi kubwa ya plastiki ya kupigia picha benki hawaipokei, muulize mwandaaji siku hiyohiyo zinaingia lini na umwombe akuandikie.